Haikojoi

Umekuja mbio, Mfaume, viatu mkononi,
unasema mashine imekufa katikati, Kitunda huku, Lindi kule,
abiria kumi na wawili wakapokezana kasia moja
na mwalimu mkuu akalowa suruali.
Haijafa. Kaa kwenye ndoo.
Kwanza niambie: ilikuwa inakojoa?

Hukutazama.
Ulitazama mbele, kama manahodha wote,
na nyuma yako ule uzi wa maji unaotoka ubavuni
ukakonda,
ukakatika,
ukabaki mvuke,
nawe unaongeza moto.
Mtoto asiyekojoa tangu asubuhi, mama yake hulala?

Nafungua mguu. Bolti nne zinatoka kwa heshima.
Ya tano imeolewa na chumvi.
Naipaka mafuta, naigonga kidogo,
naiacha inywe chai, na mimi nakunywa yangu.
Ukiilazimisha itakatikia ndani,
ndipo utakapojua bei yangu halisi.

Haya. Pampu yenyewe kikombe tu.
Ndani mna mpira wenye vidole sita,
unazunguka, unakunjakunja, unasukuma maji juu.
Wako umekauka kama ganda la korosho,
vidole vyote vimelala upande mmoja.
Hesabu nami.
Vinne.

Fundi mwingine angetia mpira mpya, akapokea chake, akaenda kula.
Mimi nililelewa na Nakoma, kiziwi wa mashine,
aliyenikalisha mchana kutwa, nina miaka kumi na miwili,
nitafute kipande kisichozidi punje ya kunde.
Hakusema kwa nini. Alinionyesha tu vidole vyake mwenyewe,
akaukunja mmoja, akauliza kwa macho: huu uko wapi?

Cha kwanza nakivuta kwa waya kwenye bomba la shaba.
Cha pili kimepanda mpaka mlango wa thamostati,
kimekaa pale kama mwiba wa changu kooni.
Na mchanga, Mfaume.
Vijiko viwili vya mchanga.
Usinitazame hivyo. Ulikata njia juu ya fungu, bamvua imetoka,
ukaona dakika kumi ni mali.

Mpira mpya. Mguu ndani ya pipa. Washa.
Inakohoa, inatema kutu,
halafu ule uzi, mwembamba, umenyooka.
Weka kidole. Hesabu mpaka kumi.
Ukivumilia bila kukitoa, ni mzima.

Sasa unakuna kichwa.
Unasema tangu Mfungo Mosi inanguruma kuliko zamani
na boti inakwenda kama imefungwa gunia.
Ungesema mapema.

Rafadha naipitisha kiganja, bawa hadi bawa.
Ncha moja imemegeka. Hiyo si kesi.
Naingia ndani, natoka na rangi ya kucha, nyekundu, iliyobaki ya Idi.
Unacheka. Cheka.
Nachora mstari mmoja,
kuanzia chuma cha kitovu, kuvuka mpira, mpaka kwenye mabawa.
Nenda hadi boya, mpe moto wote, rudi.

Umerudi.
Mstari umekatika.
Nusu yake iko saa tatu, nusu iko saa saba.
Mashine inazungusha kitovu kwa nguvu zake zote
na mabawa yanafuata yakitaka.
Mpira wa katikati umechoka kushika.

Umeinama unautazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Kisha unasema, chini chini,
"Kama mimi na Dadi."
Dadi, mdogo wako, mwenye nusu ya boti.
Sina spana ya hilo.
Nafuta mikono.

Kitovu kinatoka Mtwara, kwa basi, Alhamisi.
Mpaka hapo wapakie sita tu, nenda polepole,
na kila mara ugeuze shingo, utazame ubavuni.
Halafu lile deni lako la Machi bado liko ukutani,
hapo juu ya pipa, kwa rangi hiyohiyo ya kucha.
Hilo halijateleza hata kidogo.