Ng'ombe wa Mia

Wiebren Dijkgraaf alipiga simu saa kumi na moja alfajiri,
sauti yake ikiwa bado na baridi ya zizi.
"Roboti yenu imemfukuza Klaske mara nne tangu jana.
Kiwele kimekuwa jiwe. Analia kama mtoto."
Ana akina Klaske wawili; huku Friesland
ng'ombe hurithi jina kama watu wanavyorithi pua.
"Yupi?" nikauliza.
"Wa Sjoerd. Namba mia."

Nikawasha kompyuta kabla ya jiko.
Nikashuka mstari kwa mstari
kama mtu anayechambua mchele kwa taa ndogo,
mpaka nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe,
wa miaka tisa iliyopita, wakati wa haraka na mafua:
namba ya ng'ombe, tarakimu mbili.
Mbili tu.
Wa mia alifika mlangoni, mashine ikamkata mkia,
ikamwona ni wa kumi,
na wa kumi alikwisha kukamuliwa.
Rudi nyuma, mama. Zamu yako imepita.

Nikaongeza tarakimu moja.
Dakika kumi na mbili, pamoja na kuchemsha maji.

Saa tatu Rixt wa hesabu akainua miwani:
"Mkataba wake wa matengenezo uliisha Machi.
Niandike kiasi gani?"

Sikumjibu. Nilimsikia Wiebren kabla hajasema:
fundi akikujengea banda na mlango ukakataa kufunga,
humlipi tena aje aufunge.
Kweli.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
haya, ufa ni wangu, ukuta ni wake,
udongo anunue nani?

Lakini siku ya kutia saini alikuwa na ng'ombe sitini.
Nilimuuliza, nina hakika nilimuuliza,
naye akacheka akipangusa buti kwenye zulia letu:
"Mia? Nitakuwa kaburini."
Hakuingia kaburini. Aliingia mdogo wake,
Sjoerd, mwezi wa pili, barafu ikiwa mifereji yote,
akamwachia ng'ombe arobaini na mmoja
na mbwa asiyemtii mtu.
Kwa hiyo niambie, Rixt, wewe unayejua safu za kulia na kushoto:
msiba uliozidi tarakimu mbili
unaandikwa upande gani?

Rixt akasema kodi ya ofisi haijui msiba.
Tuko watano hapa juu ya duka la baiskeli.
Programu haili nyasi, lakini inakula:
kila sheria mpya ya maziwa, kila roboti mpya ya kiwandani,
kila simu ya alfajiri inataka mtu aliye macho,
na mtu aliye macho ana watoto, ana meno ya kuziba.
Wanaolipa kila mwaka bila kupiga simu
ndio waliokuwa wamenilipia usingizi nilioukatiza.
Hilo nalo kweli.
Niliuchukia ukweli wake kwa muda wa kikombe kizima.

Mwishowe nikaandika hivi:
Kurekebisha kosa letu: sifuri.
Mkataba wa mwaka ujao, ukipenda: euro mia sita na arobaini.
Nikaifuta "ukipenda." Nikairudisha.

Jibu likaja Alhamisi, kwa posta, kwa kalamu ya risasi.
Amelipa mkataba wote.
Chini yake, ankara yake mwenyewe, kwetu:
maziwa ya Klaske yaliyopotea, daktari wa mifugo, dawa ya kiwele,
na usiku mmoja wa kusimama naye gizani, bei haijajazwa.

Rixt amezibandika karatasi mbili dirishani, uso kwa uso,
anasema atazipigia hesabu Jumatatu.
Mimi nimerudi kwenye ule mstari.
Nimeacha nafasi ya tarakimu nne,
kisha, nikimfikiria Wiebren na jamaa zake walio hai,
nikaongeza ya tano.