Hati Mkato ya Kesho

Miaka thelathini na mmoja Ozella Tunstall
ameketi chini ya kiti cha jaji, Demopolis, Alabama,
vidole juu ya mashine ya hati mkato,
akinasa maneno ya watu kabla hayajapoa.
Ameandika viapo, matusi, vikohozi vya mashahidi.
Kinachomtoa jasho ni wakati ujao.

Kwani huko wakati ujao hausemwi mzima.
Kitabu cha shule chataka maneno manne kwa mstari:
mimi, niko, naenda, ku.
Midomo, katika joto la Agosti, huyafinya:
gona.
Huyafinya tena, hata na "mimi" akamezwa humo humo:
aima.
Na mabibi waliozoea kusema wanajiweka tayari
waliwaachia wajukuu kipande tu cha utayari huo:
fina.

Tusicheke.
Nitakuja yetu imekwisha kuwa ntakuja,
na mtu hukwambia "naja"
huku akikupa kisogo.

Alhamisi moja ikachezwa sauti ya simu,
Dekarius Moseley akimwambia mwenye nyumba:
*Aima kulipa Ijumaa, bosi.*
Ijumaa tatu zilikuwa zimepita.
Wakili, aliyetoka Birmingham na tai ya hariri,
akasimama: Hiyo ni ahadi, mheshimiwa.
Iandikwe kwa ukamilifu wake.

"Sikusema fina," kijana akajibu.
"Ningesema fina, pesa ingekuwa mkononi."

Jaji akavua miwani. Kwani kuna tofauti?
Benchi la nyuma likaguna
kama lililoulizwa iwapo umande na mvua ni kitu kimoja.

Fina ni mkono juu ya kitasa,
koti limeshavaliwa, funguo zinalia.
Aima bado iko kifuani, imekaa kitako.
Sikio langu hunichezea, hunisikizisha *ima*:
ima alipe, ima asilipe,
na katikati yake kijana mwenye viatu vya kuazima
anayeamini kabisa, wakati ule akisema, kwamba atalipa.

"Karani, rekebisha."
Bi Ozella hakuinua macho.
"Nikiirefusha, mheshimiwa,
nitamtilia kinywani maneno ambayo hakuyasema.
Tayari anadaiwa kodi. Nisimwongezee deni."
Akaisoma tena, bapa, bila chumvi:
aima.

Nyumbani kwake, ngazi ya nyuma,
kipandio cha tatu kinacheza kama jino la mtoto.
Marehemu Lonzo alikisemea tangu Machi ya mwaka juzi.
*Aima kukitengeneza.* Akinywa kahawa: aima.
Akitazama besiboli, miguu juu ya stuli: aima.
Oktoba moyo ukamsimama kwenye foleni ya posta,
stempu mkononi.
Bi Ozella alikwisha jifunza kukiruka,
hata gizani, hata na vikapu viwili vya nguo.

Jioni ya Alhamisi ile alikwenda bandani
kutafuta mpira wa kumwagilia bamia zake.
Nyuma ya mashine ya majani, ubao wa msonobari,
umekatwa, umepigwa msasa, kingo laini.
Misumari minne ndani ya gazeti la Oktoba.
Na kwa penseli, mwandiko wake ule ulioegemea kushoto
kama mtu anayesikiliza mlangoni:
*Jumamosi.*

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Miaka yote hiyo, mahakama nzima ikimtegemea sikio,
na mume mezani kwake alikuwa fina
huku akisema aima.
Nani wa kumwomba aisome tena?

Mbu wakaanza. Bamia hazikupata maji.
Alitoka na ubao kwapani,
akafika kwenye ngazi,
akakiruka.