Pakanga Kwenye Kopo la Rangi

Bi Syombua wa ghorofa ya nne, Kayole,
hana shamba. Ana kopo la rangi la lita ishirini,
limetobolewa chini kwa msumari uliopashwa moto,
na ndani yake, palipokuwa na rangi ya maziwa
ya kuta za watu wengine,
pameota pakanga.

Majani ya kijivujivu, kana kwamba yamelala jikoni.
Ukipita na ndoo ukayagusa kwa kiwiko
utanuka uchungu hadi jioni.
Wapangaji huja na vikombe vyao.
Tumbo la kukata: majani matatu.
Minyoo: matano, alfajiri, kabla ya kumeza hata mate.
Homa? "Homa usiniulize idadi ya majani.
Niletee mtu mwenyewe nimguse shingo."

Nayajua majani hayo.
Kila likizo ilipofunguka mama alitupanga ukutani
kwa urefu, kama chupa za soda,
na kijiko kikaanza kwa kifungua mimba.
Mimi, kitinda mimba,
nilikunywa nyuso za kaka zangu wote
kabla ya kuinywa dawa.

Sasa nina koti jeupe na hadubini ya zahanati,
skrubu yake moja imefungwa kwa uzi.
Nairobi ni baridi, mbu wake wengi huuma tu;
homa yenyewe hushuka na mabasi ya usiku
kutoka Mbita, kutoka Busia,
pamoja na omena na magunia ya viazi vitamu.

Juzi ilishuka na Abuto,
miaka sita, akitoka kwa nyanya yake.
Bi Syombua akamchemshia siku mbili.
Ya kwanza jasho lilimtoka, akaomba chapati.
Ya pili alimwita mama yake
kwa jina la mbuzi wa nyanya.
Ya tatu wakamleta kwangu, amefungwa lesoni,
na Bi Syombua nyuma yao, viatu kavaa kinyume.

Nilimtoboa kidole. Nikapaka damu kwenye kioo,
nikasubiri zambarau ishike.
Pete.
Pete ndogondogo, kila moja na kito chake,
kana kwamba ndani ya mtoto huyu kuna arusi
ambayo hakuna aliyetualika.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyanoa.
Akanitangulia: "Nionyeshe."

Aliinama. Akafumba jicho, akalifumbua, akafumba la pili.
Akakaa kimya muda wa sufuria kuchemka.
"Kumbe ndio hawa," akasema.
"Miaka thelathini nawapikia chai
na hatujawahi kuonana."

Maneno yangu yakarudi alani.

Nikamwambia kidonge hiki cha manjano
asili yake ni jani la ukoo wa lile lako,
binamu yake; ila wamelikamua, wamelipima,
wakalipa na mwenzake wa kulinda mgongo,
na humezwa siku tatu, asubuhi na jioni,
hata mtoto akiamka anacheza.
"Yaani chai yangu hubisha hodi," akasema,
"na hiki huvunja mlango?"
Sikuwa na jibu lililopita lake.

Mara sita aligonga kwa akina Abuto,
akasimama pale na leso kichwani
mpaka aone koo la mtoto likipanda na kushuka.

Leo Abuto kapiga mpira, mpira ukapiga kopo,
tawi likakatika. Bi Syombua kaniletea
limefungwa katika pakiti ya maziwa.
"Hili la minyoo yako," akasema mlangoni.
"Homa nitakuletea mtu mwenyewe, umtazame kiooni."

Nimelitia ndani ya glasi, dirishani.
Kisha nikala chakula cha mchana
bila kukumbuka kunawa vidole,
na kwenye kila tonge mama alikuwa ukutani,
kijiko mkononi, akiwashukia kaka zangu
mmoja mmoja,
nami bado sijafikiwa.