Swali la Kumi na Saba

Karatasi zilitufikia zikinukia wino wa mbali:
maswali thelathini na mawili ya Kifaransa,
ya kuwapima waliopigwa kiharusi wakasalia.
Mwalimu Mulumba, mzaliwa wa Kalemie,
aliyefundisha Kifaransa Mbeya hadi mvi zikamwota,
aliyafasiri mezani kwangu, chumba cha mazoezi ya viungo,
chai ya tangawizi ikipoa kando ya kamusi.

"Je, unaingia bafuni bila..." akasita.
Kwao bafu ni chombo, mtu hulala ndani
kama ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa pombe.
Tukaandika beseni. Tukaandika kopo.
Ngazi tukazigeuza kilima,
maana Isongole ni nani mwenye ghorofa?
Uma na kisu vikaondoka,
ukaingia ugali, na vidole vya kuufinyanga.

Kisha la kumi na saba:
*Najiona mzigo kwa familia yangu.*
Tukampa mtu wa tatu, asiyeujua mwanzo wake,
akirudishe Kiswahili chetu kwa Wafaransa.
Akatuletea sanduku. Sanduku la safari!
*Nyumbani kwangu mimi ni sanduku.*
Tulicheka mpaka muuguzi akaja kufunga mlango.

Juni, baridi ya Uporoto ikitafuna masikio,
nilipanda Isongole, fomu kwenye mfuko wa nailoni.
Bi Atuganile Mwambeta, miaka sitini na mitatu,
alikuwa juu ya gunia la viazi, sweta mbili,
mkono wa kulia umelala pajani
kama mtoto wa jirani aliyeachwa kwa muda.
"Ugonile," nikamwamkia.
Mdomo ulivutwa upande,
salamu ikatoka nzima.

Namba alizikataa.
"Moja mpaka tano ya nini?"
Nikampangia viazi, kutoka kidogo hadi kikubwa.
Usingizi: akagusa cha katikati.
Kutembea: kile kidogo, kilichoanza kuota macho.
Nilipofika kumi na saba
akatazama moshi unavyotoka jikoni kwa mkwewe.
"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Waulize wanaonibeba.
Mimi sijawahi kujinyanyua nikajua uzito wangu."
Akavisukuma viazi vyote kwa mguu mzima.

Hapo akaingia mteja, sado moja ya viazi,
akatoa noti, akangoja chenji.
Bi Atuganile aliushika wa kulia kwa wa kushoto,
akaweka sarafu kwenye kiganja kisichosikia,
akaubeba wote, taratibu, mpaka mbele ya yule mama.
Naye yule mama alipokea kwa mikono miwili,
akipiga goti kidogo,
kana kwamba mkono ule ulikuja wenyewe.

Nilipekua fomu, ukurasa kwa ukurasa.
"Hilo hamnalo?" akaniuliza.
"Hatuna, mama."
"Na umetoka Mbeya yote hiyo."

Baada ya siku kumi na nne nikarudi na maswali yaleyale,
ndivyo utaratibu unavyotaka.
"Nilishakujibu. Umepoteza?"
Safari hii kutembea kukapewa kiazi kikubwa,
kwa kuwa jana alifika hadi shamba la pareto
akayaona maua, akakaa, akarudishwa kwa pikipiki.
Mtakwimu alikunja uso:
huyu anatuharibia uthabiti.
Nikamwambia, huyu anaishi.
Akasema hakuna safu ya hilo.

Swali la thelathini na tatu nimeliongeza kwa penseli:
*Unapompa mtu kitu kwa mkono wa kushoto,
moyo wako unasemaje?*
Nimempelekea Mwalimu Mulumba alifanye la Kifaransa.
Aliandika, akafuta, akaandika.
Maneno yote yapo, akasema,
ila yamekaa pale kama wageni wasiokaribishwa.
Huko watauliza:
wa kushoto una kosa gani?

Alikuwa bado na kifutio mkononi nilipomwacha.
Chai yake, utando ulishaikamata.