Kikombe cha Kupangusa

Daftari lilikuwa la kurasa tisini na sita,
jalada la bluu. Nililinunua Nyawera
kwa pesa ya nauli, nikapanda Kadutu kwa miguu.
Humo niliandika alama zangu,
kila jaribio na tarehe yake,
kama muuguzi anavyoandika homa ya mgonjwa.

La kwanza: hamsini na tisa.
Umeme ulikatika kwenye swali la kumi na mbili.
La pili: sabini na nne.
La tatu sikulimaliza, mtoto wa Mapendo alianza kutapika.
La nne: sabini na nane
(nakiri, maswali sita nilikwisha kuyaona kwa Zihalirwa;
jicho lilikumbuka kabla ya akili).
La tano: sitini na mbili.

Hilo la tano nililichana.
Nilisema, nilikuwa na usingizi.
Nilisema, mvua ilipiga mabati hata sikujisikia nikisoma.
Nilisema, huyu si mimi.
Mama hakuuliza. Aliikuta karatasi mezani,
akaikunja kama pembe, akatia karanga,
akamuuzia kijana mmoja aliyekuwa anaenda Bagira.

La sita, themanini na moja!
Usiku ule niligonga ukuta kumwamsha Nsimire,
tukacheka hadi mwenye nyumba akakohoa.
Sikumwambia kwamba nilisimamisha saa nikanywa chai,
kwamba dakika nilizojirudishia zilikuwa tatu,
tuseme nne.
Nani angeniona?

Siku ya konkuru nilionyesha kadi ya kura.
Mlinzi akalinganisha uso na picha,
akachelewa kidogo kuamini.
Hapakuwa na chai. Hapakuwa hata na mvua ya kusingizia.
Jua liliingia dirishani likakaa juu ya swali la tisa,
likakataa kuondoka.
Kalamu ya jirani ilikimbia;
yangu ilikwama kila kona
kama pikipiki katika matope ya Panzi.
Na saa ya ukutani, ile saa,
haikujua jina langu.

Wiki tatu. Wakabandika orodha, gundi bado mbichi.
Nilianza kujitafuta kule juu, kwenye themanini,
kwa sababu ndiko nilikokuwa nikiishi.
Nikashuka.
Nikashuka tena, kidole kikitangulia,
kama mtu anayeteremka ngazi za Nguba gizani
akihesabu, akidhani imebaki moja.
Ntakwinja Aimée, sitini na tatu.
Juu yangu mstari wa wino mwekundu.
Juu ya mstari, waliopokelewa.
Mimi, akiba, wa pili.

Jioni nilikwenda bandarini kununua sambaza.
Yule mama ana kikombe kimoja na mikono miwili.
Akikupenda, anarundika mpaka samaki wanamwagika,
kisha anaongeza matabishi.
Asipokujua, anapitisha kiganja ukingoni, mara moja,
na kilichobaki ndani ndicho chako.
Nikasimama na noti yangu iliyochakaa
nikaelewa nani alikuwa akinipimia miezi yote ile,
na jinsi alivyonipenda.

"Dada," Mama Sambaza akasema, "unanunua au unalia?"
Nikanunua. Vikombe viwili. Vya kupangusa.

Juzi Cishugi wa nyumba ya chini alikuja.
Anajiandaa kwa mwaka ujao, ana kalamu nne mfukoni,
na swali analouliza kila aliyewahi kufanya:
mazoezi yako na mtihani wenyewe, vilikaribiana?
Nimempa daftari.
Alifungua moja kwa moja kwenye themanini na moja, akapiga mluzi.
Nikamrudisha nyuma, hadi pale ukurasa ulipochanwa,
meno ya karatasi bado yamesimama kwenye uzi.
Weka kidole hapa, nikamwambia.
Hapa vilikaribiana.
Akatazama mahali pasipo na kitu, kwa heshima,
kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la asiyemjua.

Kuhusu akiba, bado hawajapiga.
Simu naichaji kwa jirani mwenye sola.
Nimemwomba, akisikia inalia,
asiogope kupokea.