Asilimia Kumi na Moja

Ramani niliipakua jana, Mwanjelwa,
kwa vocha ya buku, nikisubiri chipsi ziive.
Leo, juu ya Isongole, mtandao umekata,
lakini kile kitone cha buluu kinatembea nami,
kitiifu kama mbuzi wa kamba.

Leo jua, ilisema simu asubuhi.
Ukungu umeshanilowesha nyusi.

Kisha njia inaisha. Kwenye kioo inaendelea,
nyembamba, nyeupe, haina wasiwasi;
hapa chini pameporomoka tangu masika,
mianzi imelala kifudifudi.

Mama Tupokigwe anashuka na gunia la viazi.
Anachungulia mkononi mwangu:
“Huyu mdudu ndiye wewe?”
Ndiye mimi.
“Mbona amesimama shambani kwangu?”
Anacheka mpaka gunia linatikisika.

Naiuliza programu ya lugha namna ya kushukuru.
Kinyakyusa haikijui.
“Ndaga,” ananifundisha, mara mbili,
maana mara ya kwanza nililitafuna vibaya.

Nabandika alama pale alipoweka gunia,
naandika: kwa Tupokigwe, viazi, kata kushoto.
Asilimia kumi na moja.
Nazima.
Ziwa bado silioni. Baridi yake imefika.