Ngeli ya Mashine

Ujumbe umeingia saa mbili asubuhi,
simu imetetemeka juu ya daftari la mizani:
“Beringi ya tatu inaumwa. Nisimamisheni.”

Kiwanda chetu cha mkonge, hapa Ngomeni,
kimefungwa vidude mwezi wa nne,
vidogo kama vifungo vya koti, vimegandishwa kwenye korona.
Vinapima joto, vinahesabu mtikisiko,
kisha vinaniandikia mimi, karani wa zamu,
kwa Kiswahili safi kuliko cha meneja.

Nani aliyekupa kitenzi hiki?
Kijana wa kompyuta, nadhani,
aliyetafuta neno la kutosha kwenye kioo.
“Imepata moto” lingefaa.
Yeye akachagua kuumwa.

Fundi Shembilu amekuja na spana,
akaweka kiganja juu ya chuma kama anayempima mtoto homa.
“Kweli, anaumwa huyu.”
Huyu. Anaumwa.
Shuleni nilichapwa ili nijue
mashine ni I na ZI,
imo pamoja na nyumba, na chupa, na ngazi;
na mtu mwenye grisi hadi viwikoni
ameivusha kwenda A na WA
bila kuomba ruhusa.

Nilitaka kucheka. Nikamkumbuka baba.

Korona hii hii, mwaka niliozaliwa,
ilimla mkono wa kulia pamoja na bunda la majani.
Bombo wakakata kilichobaki.
Hadi leo, mvua ikinyesha Muheza,
Mzee Sengasu hukunja uso, hushika hewa chini ya kiwiko:
“Vidole vinauma.”
Daktari alitafuta kidole, hakukiona.
Mama habishani. Huchemsha maji,
hukanda pale pasipo kitu.

Ikiwa maumivu hukaa pasipo na mkono,
nitaapaje kwamba hayakai
pasipo na nyama?
Sisemi yamo. Labda ni neno tu,
limepita kwenye waya kama singa,
utomvu wote umeshakamuliwa.

Ila lipo jambo moja baba hulisimulia
akiwa hana mgeni:
siku ile alipiga ukelele,
na aliyekuwa kwenye swichi aliusikia vizuri,
akadhani ni mkanda unalia,
akaendelea kuvuta sigara yake.

“Unangoja nini?” Shembilu ananiuliza.

Nimebonyeza.
Korona imeguna, imepunguza, imenyamaza.
Kwenye safu ya sababu nimeandika “beringi,”
nikaandika “i,” nikaifuta,
na trekta la majani limeshafika mlangoni, linapiga honi.